Mtoto wa Embu Anasoma Hadithi ya Nani?

Jioni ya leo mwulize mwanao swali dogo. Mlima ule wenye theluji, uonekanao kutoka Embu na Meru asubuhi kabla ya mawingu kuufunika, unaitwaje? Akiwa anasoma shule ya mjini atakujibu bila kusita kwamba ni Mlima Kenya. Akiwa mdadisi kidogo ataongeza kuwa Wakikuyu huuita Kirinyaga, maana jina hilo limo katika vitabu vingi. Lakini je, atajua kwamba Wameru huuita Kirimara? Na kwamba Waembu, wanaoishi miguuni pa mlima huo huo, wana tamko lao, Kirenyaa?

Asipojua, usimlaumu. Pengine hajapata kuliona jina hilo chini ya picha yoyote katika kitabu chochote alichonunuliwa.

Tumezoea kulalamika kwamba vitabu vya watoto wetu vimejaa theluji na matofaa ya Ulaya, na malalamiko hayo yana haki yake. Mwaka 1965, huko Marekani, mwalimu Nancy Larrick alichapisha matokeo ya kuchunguza vitabu vya watoto 5,206 vilivyotolewa kati ya 1962 na 1964. Vilivyokuwa na mtu mweusi, hata mmoja tu, vilikuwa 349. Ni chini ya 7 katika kila 100! Mwaka huo huo East African Publishing House ilianzishwa hapa Nairobi, na punde si punde sungura na fisi wa kwetu wakaanza kuonekana madukani. Tukapumua.

Hata hivyo kitabu chaweza kuwa cha Kiafrika kuanzia jalada la mbele hadi la nyuma na bado kimwache mtoto wa Siakago au wa Marimanti nje ya mlango. Huyo ndiye ninayetaka tumzungumzie leo.

Lugha ya jirani

Wamisionari wa Kianglikana walipofungua kituo chao Kigari, Embu, mwaka 1910, walikuja na lugha waliyokwisha kuizoea, yaani Kikuyu. Kwa miaka mingi Waembu walisomewa Biblia ya Kikuyu kanisani, na watoto wao wakajifunzia kusoma katika vitabu vya Kikuyu shuleni. Lugha hizi ni ndugu, hilo halina ubishi, na Mwembu humwelewa Mkikuyu vizuri. Lakini ndugu si mtu mmoja. Mahali, kwa Mkikuyu, ni handu. Kwa Mwembu ni vandu. Kuweza, kwa Mkikuyu, ni kuhota. Kwa Mwembu ni kuvota. Sasa mfikirie mtoto wa miaka saba aliyekaa dawatini. Nyumbani mama, baba na nyanya wote husema vandu. Kitabu, ambacho ameambiwa hakikosei, kinasema handu. Je, atahitimisha kwamba nani amekosea?

Huko Meru mambo hayakuwa tofauti sana. Tunasema “Kimeru” kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali kuna Waimenti, Watigania, Waigembe, Wamwimbi, Wamuthambi, Wachuka na Watharaka, kila mmoja na usemi wake. Kimeru kilichoandikwa kilijengwa hasa juu ya Kiimenti, maana misheni ya Wamethodisti ilikuwa Kaaga, karibu na mjini Meru. Mtoto wa Tharaka, kule chini kwenye joto la bonde la mto Tana, akapewa kitabu cha Waimenti wa mlimani akaambiwa hiki ndicho cha kwenu. Ilibidi shirika la BTL, linaloshughulika na tafsiri ya Biblia na kisomo, liingie huko ndipo Kitharaka kikaanza kupata vitabu vyake vya kusomea.

Wachapishaji wana jibu lao, na ni jibu la hesabu. Sensa ya 2019 ilihesabu Waembu wapatao 404,000, Watharaka 218,000 na Wambeere 195,000. Wakikuyu walipita milioni 8. Ukiwa na fedha za kuchapa kitabu kimoja cha picha za rangi, utachapa cha nani? Jibu hilo nalielewa, ila silikubali lote. Nani alisema hadithi ya Tharaka lazima iandikwe kwa Kitharaka pekee? Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka aliyeandika tasnifu yake ya uzamifu kuhusu lugha hiyo, ametunga mashairi na tamthilia kwa Kiswahili, na Kifo Kisimani kikasomwa na wanafunzi wa sekondari nchi nzima. Iwapo kijana wa Busia aliweza kukisoma na kukifanyia mtihani, sioni kwa nini dada yake wa Gredi ya 3 asisome kwa Kiswahili kisa cha msichana aitwaye Makena anayechunga mbuzi Marimanti.

Visa vya Mbwaa

Msidhani kwamba hadithi zenyewe zimekosekana. Chukua kisa cha Mbwaa. Wameru husimulia kwamba hapo kale waliishi pwani, mahali paitwapo Mbwaa, ambapo baadhi ya wanahistoria hupadhania kuwa karibu na kisiwa cha Manda, upande wa Lamu. Walikuwa chini ya watu walioitwa Nguo Ntune, wavaa nguo nyekundu, ambao waliwapa mitihani isiyowezekana ili wapate sababu ya kuwaangamiza.

Leteni kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili! Wazee wakakuna vichwa, kisha wakakata ile ngozi inayoning'inia shingoni mwa fahali. Leteni mbwa mwenye pembe! Wakatafuta pembe za swala mdogo, wakamgandisha nazo mbwa kichwani. Toeni tunda lililotumbukia katika shimo refu, wala msilichome kwa kitu! Wakamimina maji shimoni hadi tunda likaelea juu. Mwisho wakadaiwa mkuki unaogusa mbingu. Hapo akili ziligota, na kiongozi wao, Koomenjoe, akawaambia kilichobaki ni kutoroka.

Walipofika majini njia ikafunguka. Waliovuka usiku wakawa Njiru, yaani weusi. Waliovuka alfajiri wakawa Ntune, wekundu. Waliovuka jua limechomoza wakawa Njeru, weupe. (Wapo wasemao kisa hiki kimeonja chumvi ya Musa na Bahari ya Shamu. Maprofesa na wabishane. Mtoto anataka kujua mbwa yule alifanyaje na pembe zake.)

Ukiniuliza mimi, sijaona kisa kinachofaa zaidi kitabu cha picha. Kuna mafumbo, kuna hatari, kuna wazee werevu, na kuna koo zilizopata rangi zake kwa sababu ya saa zilizovuka maji. Kisa kirefu kuhusu Wameru na chimbuko lao kimo katika kitabu cha Jeffrey Fadiman cha mwaka 1993. Ni kitabu kizuri. Kimeandikwa kwa Kiingereza na kwa ajili ya wasomi.

Embu ni vivyo hivyo. Simulizi ya Mwenendega, babu wa Waembu, na kichaka chake kitakatifu upande wa Runyenjes ingali inajulikana. Mwanahistoria H. S. K. Mwaniki alikusanya masimulizi ya wazee akatoa historia ya Embu na Mbeere mwaka 1973. Profesa Ciarunji Chesaina naye alichapisha Oral Literature of the Embu and Mbeere mwaka 1997. Kazi ya kukusanya, basi, ilifanywa na watu hodari. Hadithi zilitoka kinywani mwa nyanya zikaenda chuo kikuu, zikawekwa rafuni, na wengi wa wajukuu waliokuwa wakizisikiliza hawajaziona tena.

Dalili njema zipo. Mwaka 2019 Makavazi ya Kitaifa pamoja na Google waliweka katika intaneti picha na visa vya mashujaa wa jamii za Kenya, akiwamo Cierume, mwanamke wa Mbeere anayesimuliwa kuwa aliingia vitani na wanaume. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa madarasa ya chini Januari 2019, ulileta masomo ya lugha za kiasili hadi Gredi ya 3. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ilinde wingi wa lugha za Wakenya. Lakini wewe mzazi wa Umoja au Kayole usitegemee sana hayo ya mtaala. Mjini, lugha ya eneo la shule huwa Kiswahili, na mwanao hatafundishwa neno vandu na mtu yeyote isipokuwa wewe.

Anza na simu. Kama nyanya bado yuko Runyenjes, Chuka au Maua, mpigie watoto wakiwa karibu na uwashe spika. Usimwambie tu “tusimulie hadithi”, maana atasema amesahau zote. Mwulize fisi aliimba wimbo gani, au jitu lilimkuta nani njiani. Ukishamkumbusha wimbo, hadithi huja yenyewe. Mwanafunzi wa sekondari aandike katika daftari kama bibi anavyotamka, bila kumsahihisha. Mdogo wake achore. Anayetaka kwenda mbali zaidi aijaribu African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini mwaka 2014, ambao huruhusu mtu yeyote kutunga kitabu cha picha na kukitoa bure kwa lugha yake.

Tena piga simu baada ya jua kutua. Wazee wengi wa huko walikatazwa tangu utotoni kusimulia hadithi mchana, na kama nyanya ni wa kizazi hicho, saa nane alasiri atakuambia ana mahindi ya kupukuchua.