Ukishuka Magadi, Usirudi na Mpungate

Wikendi ndefu zinapofika, wakazi wengi wa Nairobi huteremka Bonde la Ufa kwa Barabara ya Magadi. Kutoka katikati ya jiji, njia ni Lang'ata Road. Walio Westlands, Kangemi na Dagoretti hupitia Karen. Ukifika Ongata Rongai umeshaingia Kaunti ya Kajiado.

Baada ya Kiserian na upepo wa Kona Baridi, barabara hushuka zaidi ya mita 1,000 hadi Ziwa Magadi, ambako joto hukaribia nyuzi 40. Jaza mafuta Rongai au Kiserian, kagua magurudumu na ubebe maji ya kutosha kila abiria. Wasiotaka kufika ziwani huishia Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walichimbua mashoka ya mawe ya binadamu wa kale katika miaka ya 1940. Makumbusho ya Taifa ya Kenya ina vibanda vya kulala wageni hapo.

Je, ile miti ni dungusi kakati?

Miti mikubwa yenye matawi kama kinara cha mishumaa si dungusi kakati. Ni yuforbia, jamaa ya mnyaa tunaopanda kuwa ua, na asili yake ni Afrika. Ukiukata hutoa maziwa meupe yanayochoma ngozi na yanayoweza kupofusha. Wakataze watoto kuuvunja. Maziwa yakiingia jichoni, osha kwa maji mengi mara moja na uende hospitali.

Karibu jamii yote ya dungusi kakati ilitoka bara la Amerika. Unaoonekana sana nchini ni mpungate, wenye vipande bapa kama sahani na matunda mekundu. Uliletwa kuwa pambo na ua, na hadi leo nyumba nyingi ndogo za wageni zenye bustani za kuvutia huupanda mlangoni. Mgeni akipiga picha, hutamani kurudi na kipande akapande kwake.

Kwa nini usikibebe?

Kipande kimoja kikianguka chini huota mizizi. Nyani, ndege na tembo wakila matunda hueneza mbegu mbali. Katika Kaunti ya Laikipia, aina moja ya mpungate imefunika malisho makubwa. Mbuzi na ng'ombe wanaokula matunda yake huchomwa na vimiiba vidogo mithili ya nywele mdomoni, kwenye ulimi na machoni. Wengine hushindwa kula hadi wakafa. Wataalamu wameachilia mdudu anayefyonza mmea huo, lakini kazi hiyo huchukua miaka. Familia ya mfugaji hubaki bila maziwa kwa sababu ya pambo la mtu mwingine.

Nairobi nayo ina misitu ya Karura na Ngong, mbuga ya taifa na kingo za mito.

Ufanye nini?

• Usikate wala kusafirisha kipande cha mpungate.
• Kama tayari unao nyumbani, usitupe mabaki mtoni, msituni wala kwenye jaa la wazi. Muulize afisa wa kilimo wa kaunti ndogo yako jinsi ya kuuangamiza.
• Ukitaka pambo lisilohitaji maji mengi, chagua shubiri ya asili ya hapa kwetu kutoka kwa muuza miche.

Safari njema. Rudi na picha, mmea uuache ulipo.