Hisabati na Ulinzi wa Mtandao (2): Adui Aliye Ndani

Katika makala ya kwanza nilieleza kwa nini kuijaribu programu mara elfu hakutoshi: mvamizi hutafuta njia ile ambayo mjaribu hakuipita. Ndiyo maana watafiti huandika mfumo kwa lugha ya mantiki, kisha wakadai uthibitisho kama ule wa jiometria. Leo naingia kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, humnyima usingizi mwanafunzi wa uzamivu katika fani hii kuliko hesabu zenyewe. Nalo ni kuamua adui ni nani, na ana uwezo gani.

Mwaka 1978 Roger Needham na Michael Schroeder, wakiwa katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California, walichapisha itifaki ya kuwawezesha watu wawili kutambuana kupitia mtandao. Tuseme kila mtu ana makufuli yake, ameyaacha wazi hadharani ili yeyote ayachukue, lakini ufunguo anao peke yake. Asha anataka kuzungumza na Baraka. Anabuni namba isiyokisika, anaiweka pamoja na jina lake na kuvifunga kwa kufuli la Baraka. Baraka anafungua, anaongeza namba yake mwenyewe, anafunga zote mbili kwa kufuli la Asha. Asha akiona namba yake imerudi, anaridhika kwamba Baraka yupo; naye anamrudishia namba ya pili ndani ya kufuli la Baraka. Jumbe tatu, basi.

Wataalamu waliichambua. Mantiki iliyotungwa mwaka 1989 na Michael Burrows, Martín Abadi na Needham mwenyewe, mahususi kwa itifaki za aina hii, iliipitia bila kuliona tundu lake. Tundu hilo lilifichuliwa mwaka 1995 na Gavin Lowe wa Oxford, miaka 17 baada ya itifaki kuchapishwa.

Alichokiona Lowe ni hiki. Asha anaanzisha mazungumzo na Chande, mwanachama halali wa mtandao ambaye ni mwizi. Ujumbe umefungwa kwa kufuli la Chande, kwa hiyo anaufungua bila tabu, anaufunga upya kwa kufuli la Baraka na kuupeleka kwa jina la Asha. Baraka anajibu kwa namba mbili ndani ya kufuli la Asha. Chande hawezi kulifungua, wala hana haja. Anampelekea Asha kama lilivyo, kana kwamba ni jibu lake yeye. Asha anaona namba yake imerudi, anairudisha ile ya pili ndani ya kufuli la Chande. Sasa Chande anaijua namba ya Baraka. Anampelekea, na Baraka anaamini kabisa kwamba anaongea na Asha. Kama Baraka ni benki, Chande anaweza kuagiza fedha za Asha zihamishwe. Hakuna kufuli hata moja lililovunjwa.

Tiba ya Lowe ilikuwa kuweka jina la Baraka ndani ya ujumbe wa pili: Asha akiliona mahali alipotarajia la Chande, anasitisha. Mwaka 1996 alionyesha kwamba programu ya FDR, inayopekua kila hali ambayo mfumo mdogo unaweza kuifikia, hulipata shambulio hilo yenyewe.

Waasisi wa itifaki hawakuwa wazembe. Walichukulia kwamba adui yuko nje na waliomo ni waaminifu, dhana iliyoeleweka katika mitandao ya maabara za wakati ule. Mtandao ulipofunguliwa kwa kila mtu, dhana ikafa, na itifaki ikabaki vilevile.

Somo hilo lilizaa kizazi cha programu kama ProVerif na Tamarin, ambazo adui wake hufuata mfano wa Danny Dolev na Andrew Yao wa mwaka 1983: mtandao wote ni mali yake, anasoma, anafuta, anaghushi, ila hawezi kufungua kufuli asilo na ufunguo wake. Itifaki ya TLS 1.3, inayolinda tovuti nyingi unazozifungua kwa simu, ilichambuliwa kwa Tamarin kabla ya kuidhinishwa mwaka 2018, na wanafunzi wa uzamivu walikuwamo kazini. Walikuta shambulio katika pendekezo mojawapo, likarekebishwa likiwa bado karatasini. Programu zote mbili ni huria. Kompyuta mpakato inatosha kuanzia, awe msomaji yuko Mwanza au Mombasa.

Hata hivyo, mwaka 2017 Mathy Vanhoef wa KU Leuven, Ubelgiji, alishambulia hatua nne za kukubaliana ufunguo katika WPA2, ulinzi wa Wi-Fi ambao tayari ulikuwa na uthibitisho wa kihisabati. Uthibitisho ule ulihakikisha kwamba ufunguo unabaki siri. Haukuuliza kifaa kiuweke ufunguo kazini lini, na mara ngapi. Vanhoef alirudia ujumbe wa tatu, kifaa kikauweka ufunguo uleule upya, na namba zisizopaswa kutumika mara mbili zikaanza tena. Ufunguo haukuvuja, na bado data iliweza kusomeka.

Hapo karatasi na kifaa vilikuwa vimeachana. Makala ijayo itahusu waliojaribu kuvifunga pamoja: seL4, kiini cha mfumo endeshi kilichothibitishwa Australia mwaka 2009, ambapo mistari 8,700 ya lugha ya C ilihitaji takriban mistari 200,000 ya uthibitisho.