Siku ya Posho na Siku ya Yenga: Kuvaa Vizuri, Kukula Inje



Mumekwisha kuangalia namna kartie zetu zinavyobadilika kila siku ya yenga? Toka asubuhi pasi ya makala inapita juu ya suruali, mama anafunga kitambala mbele ya kioo, viatu vya baba vinangaa siraji. Kisha ibada njia inajaa rangi. Na mangaribi, katika Kenya, Katuba na Kamalondo, vile vile kule Likasi na Kolwezi, moshi wa michopo unapanda pembeni ya barabara. Watu waliovaa vizuri wanakaa kwa meza na kungojea nyama yao.

Kuna ndugu wanaosema kwamba mambo haya yote ni ya dunia, na mkristo wa kweli angevaa tu chochote na kula kwake nyumbani. Kuna wengine, zaidi vijana, wanaosema: «Maisha ni hii tu, tuache tufurahi.» Mwezi huu tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo hili bila kupiga mtu fimbo. Kuvaa vizuri ni kosa? Kukula inje ni kosa? Sisi tunajibu: hapana. Bwana wetu alikwenda kwenye arusi ya Kana, akawa mgeni kwa Zakayo, na alipotazama maua ya kondeni aliyasifu kwa mavazi yao kuliko mfalme Solomono. Anayejua uzuri hivi hawezi kukasirika juu ya shati iliyopigwa pasi.

Lakini kuna swali moja ambalo kila jamaa inapaswa kujiuliza mbele ya kutoka mlangoni. Ni swali ambalo kalenda yetu wenyewe inatuuliza.

JINA LA SIKU

Munajua kwa nini katika Kiswahili chetu samedi inaitwa siku ya posho? Vijana wengi wanalisema jina hili kila juma bila kujua lilitoka wapi. Kompanyi ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa na desturi ya kugawia wafanyakazi wake chakula cha juma. Chakula kile ndicho posho. Mwenye bibi na watoto alipata na fungu lao. Mama alirudi kambini na unga kichwani, na jamaa ilijua kwamba juma linalokuja litapita.

Kompanyi ile ilifanywa ya serikali mwaka 1967, na kisha ikaitwa Gécamines. Wazee wetu wanakumbuka kwamba unga uliendelea kuja. Kisha miaka migumu ikaanguka juu yetu. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwezi wa Septemba 1990, mapora ya 1991 yakamaliza maduka na viwanda, mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazini kwa mpango ulioitwa wa kujitolea. Posho ilikufa, jina likabaki.

Angalia basi: siku ya posho inatangulia, siku ya yenga inafuata. Kwanza unga unaingia nyumbani, kisha nguo nzuri inatoka kwa sanduku. Hakuna mtu aliyepanga fundisho hili, lakini liko pale kwa kalenda, na swali letu linatoka hapo: mbele ya kupendeza inje, nyumba imekula?

NGUO INASEMA

Sisi watu wa Kongo tunapenda nguo, na upendo huo si wa jana. Mukumbuke wakati wa Mobutu. Toka miaka ya 1970 kostimu na kravati vilikatazwa, wababa wakapaswa kuvaa abakosti. Wanawake nao walikatazwa suruali na minijupe, wakaamriwa kikwembe. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na kravati zikarudi shingoni. Lakini hata mbele ya siku ile, Papa Wemba na kundi lake Viva La Musica, alilolianzisha mwaka 1977, walikuwa wamekwisha kufundisha vijana wengi wa Kinshasa mambo ya sape: kuchagua rangi, kujua jina la mshonaji, kutembea kama mtu mwenye heshima hata kama nyumbani hakuna kitanda. Papa Wemba alikufa jukwaani huko Abidjan mwaka 2016, na sape ingali hai.

Katika sape kuna kitu kizuri na kitu cha hatari. Kizuri ni kwamba kijana maskini anakataa kujizarau. Hatari ni ile ya kitanda. Kiatu cha bei kubwa mguuni, na mdogo wake analala chini.

Kwa upande wa wamama, tuna urizi mkubwa. Katika kambi za kompanyi kulikuwa na fuaye, ambamo wake za wafanyakazi walijifunza kushona na kufuma. Mikono mingi inayoshona leo katika kartie zetu ilifundishwa na mikono ya fuaye zile. Na kitambaa chenyewe kina historia ya safari ndefu: wax ilianza kwa kufuata ufundi wa batiki ya Java, viwanda vya Uholanzi vikaichukua, kama Vlisco iliyoanza Helmond mwaka 1846, na wanawake wa Afrika wakaifanya kuwa yao. Siku hizi vitambaa vingi vinatoka Uchina. Ukitaka kujua wax ya kweli, geuza kitambaa: rangi inapaswa kuingia pande zote mbili. Kama upande wa nyuma ni mweupe-mweupe, hiyo ni ya kuchapwa upande mmoja tu, usiilipe bei ya wax.

Piesi moja ni yadi sita, inatoa vikwembe vitatu: kimoja kwa blauzi, kimoja cha kuvaa, kimoja cha kufunga juu. Kama feza haifiki, wamama wawili wanaweza kununua piesi moja na kugawana, kila mtu akashona blauzi na sketi. Hakuna haya ndani yake.

Na nguo za mtumba, zile ndugu zetu wa Zambia wanaita salaula? Zimevalisha nchi yetu wakati mishahara ilipokufa. Ujue tu kuchagua: tazama mishono ya makwapa, vuta zipu mara mbili, simama na nguo kwa jua uone kama imepauka. Kisha ufue na kupiga pasi mbele ya kuvaa. Ukimpelekea fundi wa mashini apunguze kiuno, watu watafikiri imetoka dukani.

Kijana, sikia. Kuna mwanafunzi anayemwambia mama yake: «Mama, siwezi kwenda kanisani na hii suruali, benzangu batanicheka.» Tusimkemee mbio. Haya yake ni ya kweli. Lakini tumwonyeshe kwamba nguo inapendeza kwa mambo matatu: iwe safi, iwe nzima, imkae mwenyewe. Mambo hayo matatu, sabuni, sindano na mkanda vinaweza kuyafanya. Mwenye kuvaa shati moja nyeupe kila yenga, ikingaa, watu wanamjua kwa shati ile, na anakuwa na namna yake. Mwenye kukopa ili avae kama mwingine anabaki na namna ya mwingine, na deni ni lake.

KIKWEMBE CHA SIKUKUU

Hapa tunataka kusema neno kwa vyama vyetu vya kanisa. Kila sikukuu inakuja na kikwembe chake. Inapendeza sana kuona wamama mia wakicheza katika rangi moja. Lakini fikirini mjane ambaye bwana yake alikufa shimoni. Wiki mbili mbele ya sikukuu anasikia: «Kila mama alete franga ya kikwembe.» Hana. Siku ya sikukuu atafanya nini? Ao atachukua unga wa watoto alipie kitambaa, ao atakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na kanzu yake ya zamani. Wengine hawaji kabisa.

Mtume Yakobo alikaripia kanisa lililokalisha mwenye pete ya zahabu mbele na kuacha maskini asimame. Sisi tungependa vyama vifanye hivi: kitambaa kitangazwe miezi mingi mbele, watu walipe kidogo kidogo, na asiyeweza piesi apewe kipande cha kitambala cha kichwa tu, na akae mstari wa mbele pamoja na wengine. Rangi itakuwa moja, na hakuna mtoto atakayelala njaa juu ya sikukuu ya Mungu.

MICHOPO NA FURAHA YAKE

Sasa tuje kwa meza. Nani kati yetu hajui harufu ya michopo? Nyama ya mbuzi inakatwa, inapigwa chumvi, inalala juu ya wavu wa chuma na makala chini, mafuta yanadondoka na moto unalia. Inakuja na kitunguu, na pilipili pembeni, pamoja na bukari ao kikwanga ao ndizi ya kuchoma. Kuna pia mama wa malewa na sufuria zake za sombe na samaki, kuna kikanda kinachouzwa vipande vipande, kuna munkoyo wa baridi kwa yule asiyekunywa pombe. Si lazima hoteli kubwa ya mjini. Meza ya mbao na benchi vinatosha.

Wababa, mufikiri jambo hili. Bibi yako anasonga bukari kila siku. Anachota maji, anawasha makala, anaosha sahani, na siku ya pili anaanza tena. Siku moja yeye pia akae, aulizwe anataka nini, aletewe, na sahani ziondolewe na mtu mwingine. Hiyo ni pumziko ya sabato kwa mikono yake. Na watoto wanaona baba akimpa mama kiti kizuri. Hawatasahau.

Lakini tunajua kinachotokea mara nyingi. Mshahara umetoka, ao kijana creuseur ameuza mifuko yake, na miguu inakwenda moja kwa moja nganda. Michopo ya kwanza, ya pili, chupa kwa marafiki, na watu wanamsifu kwa jina. Nyumbani watoto wanakula bukari na lengalenga bila mafuta, na mama anauliza usiku: «Baba ya batoto, franga iko wapi?» Mambo ya Korinto yalikuwa hivyo: wengine walishiba na kulewa, wengine walitazama na njaa, na Paulo akasema hiyo haikuwa meza ya Bwana. Mbuzi hana kosa. Kosa ni kiti kilichobaki bila mtu.

MIKONO NA VUMBI

Jambo moja la afya tena, juu ya wengi wetu tunaishi karibu na machimbo. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kazi yao katika kartie Kasulo, Kolwezi, ambapo watu walichimba kobalti katikati ya nyumba. Walikuta kobalti nyingi katika vumbi la nyumba na katika mkojo wa wakaaji, na watoto ndio waliokuwa na nyingi zaidi. Kwa hiyo nguo ya shimo isiingie mezani wala kitandani. Ivuliwe inje, ifuliwe peke yake. Michopo inaliwa na mikono: omba maji na sabuni mbele ya kugusa nyama, na kama mchomaji hana, twende kwa mwingine. Nyama ikae mbali na vumbi la kamioni, na ukiona wanaifunga kwa karatasi ya mfuko wa simenti, omba sahani.

HESABU YA SIKU YA POSHO

Tunawashauri hivi. Siku ya posho, bwana na bibi wakae pamoja na feza mezani. Fungu la kwanza ni unga, mafuta, sabuni na makala. La pili ni nyumba, minervali ya watoto wa sekondari, na dawa. La tatu ni deni na sadaka. Kisha wakate fungu dogo, hata liwe dogo namna gani, waliite fungu la furaha, na wote walijue. Mwezi huu litakuwa kikwembe cha mama, mwezi ujao viatu vya mkubwa, mwezi wa tatu michopo ya jamaa nzima. Kama halitoshi kukaa nganda, muchukue kipande kimoja, mukilete nyumbani, mukate sawa kwa sawa. Kama halitoshi hata hiyo, muvae vizuri mutembee wote pamoja mpaka kwa nyanya, munywe munkoyo. Fungu likiwa na jina, hakuna anayeiba furaha ya mwingine.

Basi, ndugu wapenzi, mupige pasi, mufunge vitambala, mutoke na kichwa juu. Yenga njema kwa kila nyumba.

Maswali ya kuzungumza katika jamaa:

1. Mara ya mwisho tulikula inje wote pamoja ilikuwa lini? Nani hakuwapo?
2. Katika chama chetu, kuna mtu aliyeacha kuja juu ya nguo? Tunaweza kumfanyia nini mbele ya sikukuu inayokuja?
3. Fungu la furaha la mwezi huu tutalipa nani?