SIMU ZA LUPANGO: MITAMBO PEKE YAKE HAITOSHI

Leo tuongee ishu ya simu zinazoingizwa magereza kwa magendo, na jinsi serikali za wenzetu zinavyomwaga hela kupambana nazo.

Utasema "mimi sijafungwa, yananihusu nini?" Yanakuhusu sana. Jirani zetu Kenya, gereza la Kamiti limetajwa miaka mingi kwenye kesi za utapeli wa simu. Jamaa yuko ndani, anapiga akijifanya mtu wa kampuni ya simu, na mama wa watu anaingia mkenge na hela ya ada ya mtoto. Marekani ilikuwa mbaya zaidi. Machi 2010, jimbo la South Carolina, askari magereza aliyekuwa mkali wa kukamata magendo alipigwa risasi 6 nyumbani kwake. Amri ilitoka gerezani, kwa simu. Bahati nzuri alipona.

Sasa hela za kupambana na simu hizi zinaendaga wapi?

1. Mtambo wa kuvuruga mawimbi. Unatoa kelele kwenye mawimbi yale yale ya mnara, hivyo simu inashindwa kuusikia mnara. Tatizo ni kwamba haujui nani mfungwa nani raia. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2012 kuruhusu magereza kuutumia. Marekani, sheria ya mawasiliano ya 1934 imekuwa ikiwabana watu wa majimbo wasiutumie.

2. Mnara wa gereza lenyewe. Simu zote za eneo hilo zinanasa kwake, halafu namba zilizoruhusiwa tu ndizo zinapita. Gereza la Parchman, Mississippi, lilianza nao mwaka 2010.

3. Kuzimiwa simu. Tangu 2021 Marekani ina kanuni inayozibana kampuni za simu kuzima simu iliyothibitika kuwa ya magendo gerezani.

4. Mbwa waliofundishwa kunusa simu. Hawa hawahitaji network!

Mitambo inasaidia, lakini tujiulize simu inaingiaje. Haina miguu. Inarushwa juu ya ukuta, inafichwa kwenye mizigo, au inapitishwa na mfanyakazi aliyekatiwa kitu kidogo. California mwaka 2010 walikamata zaidi ya simu 10,000 magerezani. Hata Charles Manson, muuaji maarufu kule, alikutwa nayo. Ukiziba mawimbi bila kuziba geti, dili linabaki pale pale, bei tu ndiyo inapanda.

Pia sio kila mwenye simu ya siri ni tapeli. Wengine wanataka kusikia sauti ya mtoto tu. Uingereza waliliona hilo, mwaka 2018 wakatenga pauni milioni 7 kuweka simu halali ndani ya vyumba vya wafungwa. Unapiga namba zilizokubaliwa tu, na maongezi yanaweza kurekodiwa. California nao tangu 2023 simu za wafungwa ni bure. Ukimpa mtu njia halali, muuza magendo anapoteza wateja.

Tuje kwetu. Sheria ya Magereza iliandikwa 1967, miaka 27 kabla simu za mkononi hazijaingia nchini mwaka 1994. Na gereza letu la Arusha liko Kisongo, kuna makazi ya watu na uwanja wa ndege uko maeneo hayo hayo. Mtambo wa kuvuruga mawimbi ukipimwa vibaya, mama lishe wa jirani hapokei hela ya mteja, na mwenye mgonjwa usiku hapati bodaboda.

Kwa hiyo siku ukisikia bajeti ya mitambo inapitishwa, uliza mambo matatu. Getini wanakaguliwa wote, hata wafanyakazi? Mshahara wa askari unamtosha asishawishike? Na mfungwa ana njia halali ya kuongea na nyumbani? Kama majibu yote ni hapana, hela ya walipa kodi itakuwa imenunua kelele tu.

Haya wadau, mnasemaje? Tiririkeni hapo chini, matusi hapana.