JE, WAJUA? Kitabu cha uandishi kilichomaliziwa kwenye kiti cha magurudumu

Stephen King alikuwa katikati ya kuandika On Writing, kitabu chake cha kuwafunza watunzi wa hadithi, gari lilipomgonga akitembea kando ya barabara huko Maine, Marekani. Ilikuwa Juni 1999. Nyonga ilivunjika, na mguu ukavunjika sehemu nyingi. Wiki chache tu baadaye akarudi kazini, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mkewe, Tabitha, ndiye aliyemwandalia meza. Kitabu kilitoka mwaka 2000.

Ushauri wake mmoja unatosha kulipia bei ya kitabu kizima: rasimu ya pili iwe ile ya kwanza, ukitoa asilimia 10. King hakuubuni. Aliupata akiwa bado mwanafunzi, kwenye ujumbe mfupi wa mhariri aliyeikataa hadithi yake!

Na wale wahusika bapa na wahusika duara tunaofundishwa shuleni? Asili yao ni mihadhara ya mwandishi E. M. Forster, Cambridge, 1927. Mwaka huohuo ikawa kitabu, Aspects of the Novel.

Bird by Bird cha Anne Lamott (1994) kina jina la ndege, nacho ni cha uandishi. Kaka yake, akiwa na miaka 10, alilemewa na kazi ya shule kuhusu ndege. Baba yao akamshauri aandike kuhusu ndege mmoja, kisha mwingine; ndipo jina la kitabu lilipotoka.

Ukiweza kupata kimoja tu, anza na cha King.