Jedwali Linalofungua Faili: Kumbukumbu za Mabwawa ya Mchanga Kitui na Makueni (Sehemu ya Pili)

Bwawa la mchanga hudumu kuliko utumishi wa karani aliyeliandikia hati. Ukuta wa mawe na saruji ukishikana vyema na mwamba katika mto wa msimu, mafuriko ya vuli na ya masika huleta mchanga ukajaa nyuma yake, na maji yakabaki ndani ya mchanga huo yasifikiwe na jua. Huko Kitui, shirika la SASOL na vikundi vya mwethya, yaani vya kazi ya kusaidiana, vimejenga mamia ya kuta za namna hiyo tangu miaka ya 1990. Makueni nayo ina zake, katika mito inayokauka kabla ya watoto kufunga shule.

Kila ukuta una karatasi zake: makubaliano na wenye mashamba ya kingo zote mbili, mchoro wa fundi, kibali cha maji, risiti za saruji, orodha ya waliobeba mawe, picha, na hati ya kukamilika. Miaka 15 baadaye ukuta hupata ufa, au mrithi wa shamba hufunga njia ya kuteremka mtoni. Siku hiyo kamati huhitaji karatasi moja tu kati ya hizo, na huihitaji kabla ya kikao kwa chifu kuanza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na maji ya mchangani ni mali.

Juma lililopita tulitengeneza jedwali lenye mstari mmoja kwa kila mradi. Leo tunalifanya jedwali hilo liwe mlango: unabofya neno kwenye mstari wa mradi, hati yenyewe inafunguka.

Kazi huanza na namba, wala si na tarakilishi. Mradi mmoja upewe namba moja siku unapokubaliwa, na namba hiyo isibadilike hata kamati, gavana au mfadhili akibadilika. Usitumie jina la mto peke yake, maana mto mmoja hubeba kuta nyingi, na jina la kijiji huandikwa hivi Mwingi na vile Mutomo. Kaunti zetu tayari zina namba rasmi, Kitui 15 na Makueni 17, kwa hiyo 15-MUT-023 yatosha kumwambia mtu kwamba huu ni mradi wa 23 wa Mutomo. Namba hiyo iandikwe katika safu ya kwanza ya jedwali, kwenye jalada la karatasi ofisini na, ikiwezekana, ichorwe kwenye saruji ya ukuta kabla haijakauka.

Kisha tengeneza kabrasha kuu. Ndani yake weka jedwali lenyewe na kabrasha jingine liitwalo Miradi. Ndani ya Miradi, kila mradi uwe na kabrasha lenye namba yake tu. Humo ndani majina ya faili yawe yaleyale kwa miradi yote: makubaliano.pdf, mchoro.pdf, kibali.pdf, kukamilika.pdf. Picha na risiti, ambazo huwa nyingi, zianze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, kama 2023-11-04. Ukianza na siku, tarakilishi itaweka Novemba ya mwaka huu kando ya Novemba ya mwaka wa njaa.

Majina yakishafanana, fomula moja inatosha. Katika Excel, kwenye mstari wa pili, andika hivi:

=HYPERLINK("Miradi\"&A2&"\kukamilika.pdf","Fungua")

A2 ni seli yenye namba ya mradi. Alama ya & huunganisha vipande vya anwani, na neno Fungua ndilo litakaloonekana kwenye seli. Hifadhi jedwali kwanza, kisha vuta fomula kuelekea chini: mstari wa tatu utasoma A3, wa nne A4, na kwa dakika chache miradi yote ya wadi itakuwa na mlango wake. Fanya vivyo hivyo katika safu ya makubaliano na ya kibali.

Tazama kwamba anwani hiyo haianzi na herufi ya diski kama C au E. Ukiandika anwani nzima, kuanzia diski ya mashine yako hadi jina lako la mtumiaji, viungo vitafanya kazi mezani pako tu. Ukibeba kazi kwa flashi kutoka Kibwezi hadi Wote, mashine ya Wote huenda ikaipa flashi hiyo herufi nyingine, na kila kiungo kikafa. Anwani fupi huanzia pale jedwali lilipo. Kabrasha kuu likihamishwa zima, viungo huhama nalo.

Neno zima lina uzito wake. Kuna watu wanaotuma jedwali pekee kwa WhatsApp, halafu mpokeaji analalamika kwamba hakuna kinachofunguka. Faili hazikusafiri, zitafunguka vipi? Wengine hulibana kabrasha lote liwe dogo, jambo jema, lakini mpokeaji hufungua jedwali kabla ya kulitoa kwenye kifurushi. Mwambie alitoe lote kwanza.

Lipo jambo moja ambalo kwangu lina uzito kuliko fomula. Excel haichungulii kama faili ipo. Neno Fungua litaonekana kwenye mstari wa mradi wenye hati zote, na litaonekana vilevile kwenye mstari wa mradi ambao haukuwahi kuwa na hati. Anayetazama jedwali kwa mbali ataamini mambo yote yamekamilika. Kwa sababu hiyo ongeza safu iitwayo Imeonekana. Humo mtu huandika tarehe aliyoifungua hati kwa mkono wake, akaisoma na kuona sahihi. Pasipo tarehe, hati ichukuliwe kuwa haipo.

Wasomaji wa Makueni wanajua kwa nini nasisitiza sahihi. Katika mfumo wa ushirikishaji uliojengwa enzi ya Gavana Kivutha Kibwana, kati ya 2013 na 2022, kamati ya wananchi inayosimamia mradi hutia sahihi kwamba kazi imefanywa kabla ya mwanakandarasi kulipwa. Kaunti hiyo pia ilifungua tovuti ya kandarasi ambapo raia husoma hati za zabuni na malipo. Huo ni uwezo mkubwa mikononi mwa wanakijiji, ila husimama juu ya karatasi. Jedwali likisema mradi umelipwa, safu ya kukamilika sharti ifungue karatasi yenye sahihi za kamati. Isipofungua, swali liulizwe hadharani. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inazitaka ofisi za umma kuhifadhi kumbukumbu za kila ununuzi kwa angalau miaka sita baada ya mkataba kukamilika, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa raia njia ya kuziomba. Vikundi vya mwethya havikulazimishwa na sheria hiyo ya ununuzi, lakini bwawa lao litakuwepo baada ya miaka sita, na ugomvi wa shamba hausubiri.

Si kila kitu kiwe na mlango. Orodha ya waliofanya kazi hubeba namba za vitambulisho na za simu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazilinda. Iweke katika kabrasha la pekee nje ya kabrasha kuu, lenye kufikiwa na katibu na mweka hazina pekee.

Juma lijalo tutaeleza namna ya kutunza nakala ya pili mahali tofauti na ya kwanza. Kabla ya hapo, nawaomba makatibu wa kamati wachague mradi mmoja ambao mwanakandarasi wake bado hajalipwa, waupe namba, waskani hati zake wiki hii, na waandike tarehe katika safu ya Imeonekana kabla sahihi ya mwisho haijatiwa.