Mama, Hapa Hakuna Mtungi

Majuzi nilitoa familia yote nje usiku, Januari, Minnesota, watoto na soksi tu miguuni, kwa sababu nyumba ilinuka mayai viza. Habari zikafika Nyamira kabla meno hayajaacha kugongana. Mama akapiga simu: "Kwani mtungi uliuweka wapi? Si ungeufunga tu?" Kaka zangu bado wanacheka kwenye grupu. Basi nijitetee.

Hapa hakuna mtungi. Meko ya mama ya kilo 6 ina propani na butani, ambazo zikishindiliwa kidogo huwa majimaji, ndiyo maana bodaboda humletea kutoka Keroka. Yetu ni gesi asilia, yaani hasa methani, na hiyo kwa shinikizo la kawaida haiwi majimaji mpaka ipoozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Bodaboda gani atabeba hiyo? Inapita kwenye bomba, kama ile ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974 na kufika Dar es Salaam 2004. Hata baiogesi ya samadi ni methani zaidi, kwa hiyo ng'ombe wa mama na tanuru langu la kupashia nyumba joto ni ndugu.

Lakini mtungi ukiisha, deni nalo limeisha. Bomba halina huruma hiyo. Julai, tanuru limezimwa, bili inakuja na ada ya kuwa na bomba tu. Februari 2021 Texas iliganda, bei ya gesi ikapaa, nasi huku Minnesota, tusio na kisima cha gesi hata kimoja, tukalipia baridi ya wenzetu miezi na miezi.

Tena bahasha ya bili huja na kikaratasi. Methani haina harufu; shule ya New London, Texas, ilipolipuka 1937 na kuua watu zaidi ya 290, ndipo gesi ikaanza kutiwa kwa lazima kemikali ya salfa inayonuka mayai viza. Kikaratasi kimepakwa harufu hiyohiyo. Unakikwaruza kwa ukucha, unanusa, unajifunza: ukisikia hii, usiguse swichi, toka, piga simu ukiwa mbali.

Nilinusa, nikatoka. Fundi akaja na kipimo chake, akazunguka hadi chini kwenye tanuru, kimya. Kisha binti yangu wa miaka sita akatoa kikaratasi mfukoni mwa pajama, kimekwaruzwa hadi kutoboka. Stika anazopewa na mwalimu wake zikikwaruzwa hunukia ndizi. Hiki aliona ndizi yake imekwama ndani, akazidi kukwaruza. Kaka yake alijua tangu mwanzo, ila alitaka kuona gari la gesi.

Kikaratasi kingine binti ameshakificha kwenye sanduku la safari ya Nyamira ya Desemba. Ni zawadi ya nyanyake.